Kulia kwa Maringo

Shemeji yangu hapiti mlangoni kama watu wengine. Mfungulie mlango wa nyumbani kwako, mkaribishe kwa moyo mkunjufu, yeye kwanza atausukuma kidogo, aurudishe, asikilize bawaba zinasemaje, apitishe kidole gumba kwenye ukingo wa juu ambako mafundi wavivu hawapigi msasa, ndipo aingie na kukusalimu. Wapo wenyeji wanaoudhika. Jirani yangu mmoja aliniuliza kama huyu jamaa amealikwa kula au ametumwa kukagua nyumba. Nikamwambia amsamehe bure. Kitu kikienda upande, hata kwa unene wa ukucha, shemeji hana raha mpaka kinyooke. Siku aliyokuja kumposa dada yangu, wazee wakiwa katikati ya maneno mazito, aliinuka akaenda kuinyoosha kalenda iliyoning'inia ukutani nyuma ya kichwa cha baba.

Baba hakulisahau hilo. "Nilitarajia mkwe," alimwambia mama wageni walipoondoka, "nimeletewa fundi."

Na fundi akabaki kuwa fundi. Dada aliolewa, watoto wakazaliwa, wakaanza shule, wakamaliza, na baba yangu bado alikuwa akiuliza, "Fundi amekula?" au, "Mwambieni fundi mvua inaingia dirishani," kana kwamba ni mtu aliyeitwa kuziba bomba na akimaliza ataondoka zake. Baba alimtaka karani. Alikuwa amekwisha kumwona hadi karani mwenyewe, wa ofisi ya bandari, mwenye kola safi na mwandiko wa kujivunia. Shemeji alikuwa na karakana ya vitanda na madawati uani, na vanishi isiyotoka kwenye kucha. Alichokitaka kwa baba kilikuwa neno moja, aitwe "mwanangu", na neno lenyewe wala halikuwa la bei kubwa, maana baba aliwaita hivyo hadi wauza magazeti. Hakulalamika mbele ya watu. Ila siku moja nilipokuwa nampima suruali, maana mimi ni fundi cherehani, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, hata paka wa jirani baba anamwita kwa jina." Nilikuwa na pini mdomoni, nikashindwa kumjibu, na nilishukuru.

Baba mwenyewe alikuwa mchochezi. Usishtuke; hakuchochea watu, alichochea moto. Alifanya kazi kwenye Maringo, yoti ya mvuke, meli ya starehe iliyoundwa zamani sana kwa ajili ya tajiri mmoja aliyetaka kusafiri bila kubanana na abiria. Baadaye ikawa ya kubebea wageni wakubwa wa serikali. Ilikuwa nyeupe, na dohani moja ya kutolea moshi, ya njano, iliyolala nyuma kidogo, na milingoti miwili, na omo yake, yaani ile ncha ya mbele, ilikuwa ndefu na nyembamba isiyo na faida yoyote ila kupendeza. Jina lake halisi liliandikwa kwa herufi za dhahabu katika lugha ambayo hakuna kuli aliyeweza kuitamka, basi watu wa bandarini wakaiita Maringo, kwa vile ilivyoingia gatini polepole ikijua inatazamwa.

Juu wageni walikunywa chai kwenye vitambaa vyeupe. Chini, tumboni kabisa, baba alisimama na koleo lake kwenye mdomo wa tanuri, akiilisha makaa ya mawe boila isiyoshiba. Wachochezi hawakuruhusiwa kuonekana juu wageni wakiwapo, kwa hiyo ile fahari yote ya Maringo baba aliijua kwa kuisikia tu, viti vikiburutwa juu ya kichwa chake. Alishuka humo kijana, akapanda ana mvi. Siku walipoivunja meli na kuiuza chuma chakavu, alikaa kizingitini ameshika tama, na hakuna aliyethubutu kumpelekea hata maji.

Kisha macho yakaondoka. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa kumleta. Mama alikuwa amekwisha kufariki, basi baba akahamia kwa dada, ambako ndiko kwa shemeji, ingawa yeye mpaka mwisho alisema amehamia kwa binti yake, kana kwamba ile nyumba ilijijenga.

Mchana dada alikuwa shuleni akifundisha. Nyumba nzima hakuna sauti ila ya karakana, na kipofu hufuata sauti. Baba akaanza kupapasa ukuta hadi uani, akawa anakaa mlangoni mwa karakana penye jua. Wawili hao walikaa hivyo majuma mengi, mmoja anapiga randa, mwingine anasikiliza, kimya kama maji mtungini. Nilipokuwa nikiwapelekea nguo nilizowashonea nilitamani kuwazaba vibao wote wawili.

Kilichowafungua midomo ni takataka. Siku hiyo nilikuwapo. Vipande vyepesi vya randa vilipeperuka hadi miguuni kwa baba, akaokota kimoja, akakinusa.

"Msaji huu," alisema.

"Ndiyo, mzee. Ni meza ya watu."

"Sitaha ya Maringo ilikuwa ya huu. Wakiiosha asubuhi, harufu inatushukia mpaka chini kwetu."

Shemeji akaacha randa. "Ilikuwaje hiyo meli, mzee?"

Swali hilo sisi watoto wake tuliacha kumuuliza zamani. Akianzisha tu habari za Maringo, kila mtu alikumbuka ana nguo za kuanua. Na sasa mtu ameuliza kwa hiari yake, tena ameweka chini zana ili asikilize. Baba alikizungusha kwanza kile kipande vidoleni, nadhani akipima kama anafanyiwa mzaha. Kisha akaanza, na jua likamhama akiwa bado anaeleza.

Hivyo ndivyo shemeji alivyoanza kuiunda. Kila mita ya meli ikawa sentimita mbili juu ya benchi, kwa hiyo mfano wenyewe ulizidi upana wa mlango, na ilibidi kila ukihamishwa utangulizwe omo. Sura ya nje aliipata kwenye picha ya ile kalenda ya baba, aliyoinyoosha siku ya posa na ambayo baba hakuitupa, iliyoonyesha Maringo ikiwa mbali, ndogo kama kiroboto. Yaliyobaki yote yalitoka mdomoni kwa baba.

Nami sikuachwa salama. "Shemeji, una vile vijipete vya shaba unavyopigilia kwenye matundu ya kamba?" Vya nini? "Madirisha." Nikatoa boksi zima, yakawa madirisha ya duara ubavuni. Pini zangu za nywele zikawa nguzo za kuzuia wageni wasianguke majini, na asubuhi nikawa natoka nywele zimesimama. Nikashona turubai la kivuli la sitaha ya nyuma kwa mshono mdogo mpaka macho yakatoka machozi. Mashua za kuokolea watu alizichonga kutoka kwenye mwiko wa dada uliovunjika, ambao dada hadi leo anaapa haukuwa umevunjika. Dohani ilipakwa rangi ya njano mara kadhaa, kwa sababu baba aliulizwa ni njano gani, na kila siku alikuwa na jibu lake: ya yai, ya ndizi, ya shati la yule karani wa bandari.

"Yule karani bado yumo tu," shemeji aliniambia kwa chini. Lakini alikuwa anacheka.

Baba alitaka jambo moja hasa. Chumba cha moto kiwemo. Shemeji alimweleza kwamba kitafunikwa na sitaha, hakuna atakayekiona.

"Mimi pia siwezi kuiona hiyo sitaha yako," baba alimjibu.

Basi shemeji akatengeneza kipande cha sitaha kinachofunuka, ili mkono wa mtu uweze kushuka mpaka chini. Kila kitu akakiuliza mara mbili. Baba akasimama katikati ya karakana, akapanua miguu kama anayetaka kuchota kwa koleo, akaeleza kwa mikono: "Boila iko mbele yangu. Mlango wa makaa kulia kwangu. Ngazi kushoto. Hapa kwenye ngazi kuna msumari, ndipo ninapotundika shati. Chini ya msumari ndoo ya maji ya kunywa." Shemeji alielewa kama ambavyo fundi yeyote angeelewa. Mbele ya meli ni omo. Akaiweka boila upande wa omo, chumba cha moto nyuma yake, mlango wa makaa ubavu wa kulia, ngazi ubavu wa kushoto. Msumari aliutengeneza kwa ncha ya sindano yangu. Shati nililishona mimi, si kubwa kuliko ukucha.

Lazima niseme meli ilikaaje, maana ndiko maneno yote yalikotokea. Benchi la shemeji ni refu, limekwenda na ukuta. Kichwa kimoja cha benchi kiko mlangoni, kingine kimebanwa na rundo la mbao. Maringo ililala juu yake kwa urefu, tezi, yaani nyuma, ikiwa mlangoni alipokaa baba, omo ikielekea kwenye mbao. Baba alikuwa akiifikia kwa nyuma, mikono miwili ikipita ubavuni huku na huku.

Siku chumba cha moto kilipokamilika tuliitwa mimi na dada. Shemeji alifunua kile kipande, akaushika mkono wa baba, akauongoza, akauachia. Vidole vikashuka. Vikaigusa boila kwa mbele, vikazunguka mdomo wa tanuri. Mkono wa kulia ukaenda kulia, ukakuta mlango wa makaa. Wa kushoto ukapanda ngazi hatua kwa hatua, ukarudi, ukatafuta, ukapata shati. Baba alilishika lile shati kati ya vidole viwili na kukaa nalo muda mrefu. Nilimwona akipumua kwa mdomo, kama watu waliomo kwenye joto wanavyopumua.

"Mwanangu," alisema, "ndoo umeiweka?"

"Iko chini yake, baba," shemeji alijibu.

Akatoka nje, akasema anakwenda kutafuta msasa. Nilimkuta nyuma ya nyumba anajifuta macho kwa aproni iliyojaa vumbi la mbao, jambo lililozidisha tu machozi. Nilimwambia shemeji una pua kama bomba bovu. Sijapata kumwona mtu mzima ana furaha ya namna ile, na ndiyo maana yaliyofuata yananikera mpaka leo.

Tangu siku hiyo baba alikuwa na kazi tena. Kila alasiri anakwenda karakana, anafunuliwa meli, anashuka kwenye chumba chake. Na kila kitu kikawa mwanangu. Mwanangu, leo una mbao gani. Mwanangu, hujala. Dada alinong'ona kwamba ataanza kuona wivu.

Kisha akaja mama wa makumbusho. Sina neno baya juu yake. Ni mwanamke mpole, msikivu, aliyekuja kuagiza kabati za vioo na akaiona Maringo juu ya benchi. Aliizunguka kwa macho bila kuigusa, kisha akauliza kama kuna uwezekano ikawekwa kwenye chumba kipya cha habari za bandari. Tulimuuliza baba. Alikubali haraka kuliko tulivyodhani. "Watu waione," alisema. "Mimi nitakuwa nakwenda kuitembelea." Wakaelewana kwamba meli ibaki nyumbani mpaka siku ya ufunguzi, ili mzee aendelee kuwa nayo, na kwamba pembeni yake kitawekwa kibao cha shaba chenye jina la shemeji. Milango yake iko mji mzima, vitanda vyake watu wamezaliwa juu yake, na hakuna kimoja kilichopata kuandikwa jina lake.

Yule mama ndiye aliyeleta picha. Alizitafuta kwa nia njema, akazipata, picha kubwa safi za Maringo ikiwa gatini, pamoja na mchoro wa waundaji unaoonyesha vyumba vya ndani. Shemeji alizitandaza juu ya meza ya chakula. Nilikuwa napiga pasi pembeni. Nilisikia akizipekua upya zilezile, nikageuka.

Mlango wa kupokelea makaa ulionekana wazi kwenye picha, ubavuni, na ulikuwa ubavu wa kushoto. Ngazi ilikuwa kulia. Kwenye mchoro, chumba cha moto kilikuwa mbele, upande wa omo, na boila nyuma yake. Kila alichokisema baba kilikuwa kinyume.

"Mzee amesahau," shemeji alisema. "Ni miaka mingi."

"Iache hivyohivyo," nikamwambia.

"Nitaiachaje? Itakaa kwenye kioo, shemeji. Watu watasimama na picha hizi ukutani na meli yangu chini yake, na jina langu, na meli iko kinyume."

"Watu gani hao watakaoinama kutafuta ngazi ya mchochezi?"

"Mimi," alisema. "Mimi nitajua."

Nilijua nimeshindwa. Huyu ni mtu anayepiga msasa juu ya mlango. Nikamwomba angalau amwambie baba kwanza. Akasema, nimwambieje mtu kwamba hakijui chumba alichozeekea? Labda vidole vyake vitakumbuka vyenyewe. Labda akiikuta ilivyokuwa kweli, itamrudia. Aliyasema hayo huku anakunja picha, haniangalii, na nadhani hata yeye hakuyaamini. Akakibomoa chumba cha moto, akakijenga upya kwa mchoro, akauziba mlango wa makaa ubavu wa kulia na kuutoboa wa kushoto. Kazi safi. Ukipapasa pale palipozibwa hupati hata mshono.

Alasiri iliyofuata baba alikaa mahali pake, mlangoni, nyuma ya meli. Dada alikuwapo, nami nilikuwapo, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi. Kipande cha sitaha kikafunuliwa. Vidole vikashuka kwa mazoea, vikagonga ukuta mtupu wa nyuma ya boila. Vikasimama. Vikaruka ng'ambo vikitafuta. Mkono wa kulia ukaenda kulia, ukakuta ngazi.

"Boila iko wapi?" baba aliuliza.

"Ipo, baba. Ipo hapohapo, sogeza kidogo."

Baba alisogeza. Akatafuta msumari kushoto, akakuta mlango wa makaa. Mikono ikatoka, akaipangusa kwenye magoti.

"Hii siyo Maringo," alisema polepole. "Mmeichukua lini?"

"Baba, hakuna aliyeichukua," dada alisema. "Ni ileile."

"Mmewapa watu wa makumbusho, mimi mkanichongea hii ya kunibembelezea. Si kipofu? Atajuaje."

"Ni ileile, mzee," shemeji alisema. Naye alikuwa amechoka, hakuwa amelala vizuri kwa ile kazi, na roho ilikuwa inamuuma. "Nimeinyoosha tu. Wewe ulikuwa umekosea kulia na kushoto."

Laiti ningeweza kuyakimbiza maneno yale nikayarudisha mdomoni mwake. Baba aliinua mkono wake wa kulia mpaka usawa wa uso.

"Huu ndio mkono ninaolia chakula tangu nilipoota meno," alisema. "Ndio ulioshika koleo. Leo fundi ndiye anionyeshe ulipo."

Fundi. Neno lilirudi mahali pake pa zamani na kukaa.

Akainuka, akapapasa ukuta kurudi ndani. Hakwenda tena karakana. Shemeji alijaribu kumletea zile picha, na hapo ndipo nilipomwonea huruma mpaka nikakasirika. Picha unampelekea mtu asiyeona. Dada alijaribu kumsomea mchoro. Baba akamwambia karatasi huandika chochote. Nami nilijaribu kwa njia yangu, nikamgombeza, nikamwambia baba unazeeka vibaya. Akaniambia, "Binti yangu, mtu akikuuzia kitu chako na kukwambia hukuwahi kuwa nacho, utamwitaje?"

Siku ya ufunguzi alikataa kuvaa. Nilikuwa nimemshonea shati jipya jeupe, likabaki kitandani limekunjwa. Tulikwenda bila yeye. Shemeji alisimama karibu na kibao chake, amenyooka wima, watu wakimpa mkono, naye akiwajibu, "Asante, karibu," huku macho yake yakiwa mlangoni. Alidhani labda mzee ataghairi na kuletwa na mtu. Wageni waliinama, wakasifu vidirisha, wakasifu mashua. Hakuna aliyeuliza habari za ngazi.

Baba hakukaa sana baada ya hapo. Kilikuwa kifua, makaa ya miaka yote yale. Waliokuja kumjulia hali aliwaambia kwamba alikuwa na meli, ikauzwa. Alikuwa hasemi kwa hasira, alisema tu, kama mtu anavyosimulia ng'ombe aliyepotea. Shemeji ndiye aliyekuwa akimwinua, akimgeuza, akimlisha uji kwa kijiko, na baba alikubali kwa adabu yote, na kushukuru, "Asante, fundi." Neno la mwisho alilomwambia lilikuwa kwamba afunge mlango, upepo unaingia. Shemeji akaufunga. Alipofika mazikoni watu walimpa pole kama mtoto wa marehemu, na nilimwona anavyozipokea zile pole, kichwa chini, kama mtu anayevaa nguo ya kuazima.

Hakuunda mfano mwingine. Watu waliokwisha kuiona Maringo walimjia na maombi, huyu anataka gari moshi, yule anataka nyumba ya babu yake. Akawa anasema ana madawati ya shule.

Miezi ikapita. Mama wa makumbusho akampigia simu kwamba kufuli la ile kabati ya kioo limekwama, na wangependa kuisafisha meli vumbi. Nilikwenda naye, kwa sababu sikutaka aende peke yake, na kwa sababu lile turubai langu lilihitaji kunyooshwa. Ilikuwa asubuhi, chumba kitupu. Yule mama alituachia funguo akaenda kwenye shughuli zake.

Kabati imewekwa katikati ya chumba, unaweza kuizunguka pande zote. Kufuli liko upande wa omo. Shemeji akapiga magoti huko, akalitia mafuta, akalitikisa, likafunguka. Akanyanyua kifuniko cha kioo, akasimama, akafunua kile kipande cha sitaha ili atoe vumbi la ndani kwa brashi. Mimi nilikuwa tezi, nahangaika na turubai.

Nikasikia brashi imesimama.

"Shemeji," aliniita. "Hebu njoo usimame hapa nilipo."

Nilizunguka. Akanipisha. Nikasimama kwenye omo, meli yote ikinitazama, ncha yake tumboni kwangu.

"Tia mikono ndani," alisema.

Nikatia.

"Boila iko wapi?"

"Si hii hapa mbele yangu."

"Mlango wa makaa?"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekwisha kuugusa. Sikuhitaji kuulizwa ngazi. Kidole changu cha kushoto kilikuwa kwenye shati.

Baba alisimama akiipa omo kisogo. Mdomo wa tanuri ulikuwa unatazama mbele ya meli, kwa hiyo mwenye kuulisha lazima atazame nyuma. Maisha yake yote ya kazi alisafiri kinyumenyume, Maringo ikienda huku na yeye akitazama kule, na aliposema mbele yangu alikuwa anasema mbele yake yeye. Hakuna alichosahau. Mchoro ulikuwa sawa, na baba alikuwa sawa, na meli iliyomo kwenye kioo ilikuwa ndiyo yake hasa, kuliko ile ya kwanza. Sisi tulikuwa tumemkalisha upande wa tezi.

Nilimtazama shemeji. Alikuwa bado ameshika ile brashi. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna ambaye angejua, kwamba hata mimi sikujua, hata dada, na ni kweli, lakini nilimwona usoni nikajua hayo hayatamfikia.

"Hakukosea hata neno moja," alisema.

"Hapana."

"Zile mbao ningeziondoa," alisema. "Ningeziondoa dakika moja tu. Nikamshika mkono, nikamvusha upande wa pili."